Meja jenerali wa kombania nne: kamanda wa jeshi la maharaja alikuwa mtu wa nani?

Swali: "Mimi ni mkazi wa Tanga. Kila nikisoma habari za vita vya 1914 na 1915 huku kwetu nakutana na majina ya Kihindi yenye vyeo vikubwa: kanali wa Kashmir aliyeuawa Jasini, meja jenerali wa Jind. Lakini amri naona zinatoka kwa Waingereza, tena wengine makapteni tu. Hawa makamanda walikuwa wa nani? Vyeo walipewa na nani, mshahara walilipwa na nani, na inakuwaje meja jenerali aongoze watu mia tatu?"

Jibu: Ndugu yangu, anzia kwenye hati ya cheo. Ofisa wa Kiingereza uliyemsoma, hata kama ni luteni wa juzi, alibeba hati iliyotoka kwa mfalme wa Uingereza. Subedari, yaani ofisa Mhindi wa jeshi la India la Waingereza, alibeba hati ya makamu wa mfalme aliyekaa India. Meja Jenerali Natha Singh wa Jind na Raghbir Singh Pathania wa Kashmir walibeba hati za maharaja wao, yaani watawala wa milki za Kihindi zilizokuwa chini ya Uingereza. Ndani ya Jind hati hiyo ilikuwa na nguvu kamili: askari walimpigia saluti, na heshima yake barazani kwa maharaja ilijulikana na kila mtu. Akishavuka mpaka wa Jind, ilibaki kuwa hati ya nyumba ya mwingine. Ofisa mwenye hati ya mfalme wa Uingereza alihesabiwa yuko juu yake, ukiacha tu pale alipowekwa rasmi chini yake kwa kazi maalumu.

Zanzibar kuna mfano wa kinyume chake. Lloyd Mathews alikuwa luteni tu katika jeshi la majini la Uingereza mwaka 1877, alipoanza kumfundishia Sultani Barghash askari wake. Kwa Sultani akaishia brigedia jenerali. Watu wakamwita jenerali Unguja nzima, na wala hapakuwa na uongo ndani yake, ila cheo hicho asingeweza kukipeleka London akakipokelea kikosi.

Hata neno lenyewe linatuchezea. Sisi tukisema "jemadari" tunamkusudia mkuu wa majeshi. Katika jeshi la India la Waingereza jemadari alikuwa wa chini kabisa kati ya maofisa wa Kihindi, chini ya subedari. Ukikuta "Jemadar" kwenye orodha ya waliokufa Tanga, usidhani ni jenerali. Alikuwa mtu wa kuongoza platuni moja au nusu kombania.

Sasa milki zenyewe. Hadi 1947 kulikuwa na zaidi ya milki 560 ndani ya India, kuanzia Hyderabad iliyokaribia ukubwa wa kisiwa cha Uingereza hadi vijishamba vya vijiji vichache. Jind ilikuwa ndogo, kilomita za mraba zipatazo 3,300 huko Punjab, makao yake makuu Sangrur. Jammu na Kashmir ilikuwa kubwa, nayo ilizaliwa kwa mkataba wa Amritsar wa tarehe 16 Machi 1846, pale Gulab Singh alipolipa rupia laki 75 akapewa nchi. Mikataba ya namna hiyo ilifanana kwa jambo moja: ulinzi wa nje na uhusiano na mataifa mengine vilikwenda kwa Mwingereza, raja akabaki na kodi, mahakama, na jeshi dogo. Pembeni yake alikaa Rezidenti, mjumbe wa Uingereza wa kumsimamia. Wazee wa Unguja hawahitaji maelezo hapo, walikuwa naye wao pia tangu 1913.

Kwa hiyo jeshi la raja lilikuwa la nini? Kwa muda mrefu lilikuwa la gwaride, la kulinda kasri, na la kukusanyia kodi kwa wagumu. Kamanda wa jeshi la namna hiyo aliishi kwa hisani. Mshahara ungeweza kuchelewa miezi, daftari la askari likajaa majina ya watu wasiokuwepo, na bunduki zikawa za kila aina na kila umri. Kabla ya Mwingereza kuwabana, baadhi yao walikuwa wapiganaji kweli. Zorawar Singh, jenerali wa Gulab Singh, aliitwaa Ladakh kuanzia 1834, akaingia Tibet 1841, akauawa huko Desemba mwaka huohuo, baridi ikiwa imewalemaza wengi wa watu wake. Baada ya uasi wa askari wa Kihindi wa 1857 milango ya vita vya namna hiyo ilifungwa. Silaha kubwa zikawa za Waingereza.

Mlango ulifunguka tena kidogo mwaka 1889. Waingereza waliiogopa Urusi upande wa Afghanistan, na marajah kadhaa walikuwa wamekwisha toa fedha na askari. Nizam, yaani mtawala wa Hyderabad, peke yake aliahidi rupia laki 60 mwaka 1887. Badala ya kuchukua fedha, serikali ya India ikasema: kila raja atakayependa achague sehemu ya jeshi lake, alilipe mwenyewe kutoka hazina yake, liongozwe na maofisa wake mwenyewe, nasi tutalikagua na kulipatia silaha. Hivyo ndivyo vikosi vilivyoitwa Imperial Service Troops, na ndivyo vilivyoteremka Tanga. Batalioni ya kawaida ya askari wa miguu ilikuwa na watu 600 hivi. Jind ilileta Afrika Mashariki nusu batalioni, kombania nne. Ndiyo mia tatu zako hizo.

Jind ilikuwa na askari wa miguu wachache kiasi kwamba mkubwa wao alikuwa ndiye mkubwa wa jeshi zima la milki. Cheo chake kilipimwa kwa nafasi yake kwa maharaja. Idadi ya bunduki nyuma yake haikuhusika. Milki yenye batalioni moja inaweza kuwa na jenerali, kama vile kijiji chenye msikiti mmoja kina imamu wake kamili.

Kupata nafasi hiyo kulikuwa na njia mbili, na hazikutani. Ya kwanza ni damu. Kashmir amiri jeshi alikuwa Raja Amar Singh, mdogo wake Maharaja Pratap Singh, na mwaka 1915 kazi hiyo ikaenda kwa Hari Singh, mtoto wa Amar Singh, kijana wa miaka 19 au 20. Hao hawakukaa kwenye mahandaki. Njia ya pili ni ya koo za askari, akina Pathania na Rajput wengine wa vilima vya Jammu, ambao kijana wao huingia mdogo, hujifunza kwenye kikosi cha baba au mjomba, na kupanda ngazi kwa ngazi ndani ya kikosi kilekile. Mfano unaoonekana vizuri ni wa baadaye kidogo: Rajinder Singh alipata hati ya luteni wa pili katika jeshi la Jammu na Kashmir mwaka 1921, akawa brigedia 1942. Miaka 21, maharaja mmoja baada ya mwingine, na muda wote huo mtu wa jeshi la milki moja. Hakuna kuhamishwa kwenda kwingine, hakuna kupandishwa na wasiokujua. Faida yake ni kwamba askari wanamjua kamanda wao tangu hana ndevu. Hasara yake ni kwamba akimuudhi mtu mmoja tu barazani, hana pa kukimbilia.

Vyuo navyo? Curzon, makamu wa mfalme huko India, alianzisha kikosi cha makurutu wa kifalme mwaka 1901 kwa ajili ya vijana wa marajah na mabwana, wachache sana, na hati walizopata hazikuwapa kuamuru askari wa Kizungu. Nafasi za Sandhurst kwa Wahindi zilianza 1918, kumi kwa mwaka. Kamanda wa 1914 hakuyaona hayo.

Siku yake ya kawaida kambini ilifanana na ya ofisa yeyote: gwaride alfajiri, shabaha, ukaguzi wa mabweni, daftari la mishahara, kesi za nidhamu, barua kwa waziri wa jeshi wa milki. Tofauti ilikuwa kwa watu wawili waliokuwa wakimtembelea. Mmoja ni ofisa mkaguzi Mwingereza, ambaye alihesabu bunduki, akaangalia shabaha, akaandika ripoti iliyokwenda Simla, makao ya kiangazi ya serikali ya India, bila kupitia kwa maharaja. Wa pili, vita vikianza, ni yule aliyeitwa ofisa wa huduma maalumu: kapteni au meja Mwingereza aliyepachikwa kwenye kikosi "kushauri". Kisheria hakuwa kamanda. Lakini ndiye aliyezungumza lugha ya makao makuu, aliyesaini karatasi za mahitaji, na aliyesikilizwa brigedi ilipogawa kazi. Kamanda mwenye busara alimfanya rafiki mapema. Asiyemtaka alijikuta barua zake zinachelewa.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini unaona amri zinatoka kwa makapteni. Mara nyingi kapteni unayemsoma ndiye aliyeandika ripoti. Kamanda wa Kihindi aliandikia kwa maharaja, kwa lugha yake, na karatasi hizo zikaenda Jammu au Sangrur.

Kuhusu mshahara: hazina ya milki. Kwa kulinganisha, askari wa kawaida wa jeshi la India mwaka 1914 alipata rupia 11 kwa mwezi, na milki nyingi zilijitahidi zisipungue sana hapo, la sivyo vijana wangekwenda kwa Mwingereza. Kamanda alipata fedha, na pengine ardhi ya kula kodi yake, ambayo ndiyo hasa iliyomfunga kwa maharaja. Ardhi iliyotolewa kwa hisani huweza kurudishwa kwa hasira.

Kitu ambacho maharaja hakuwa nacho ni risasi. Bunduki, baruti na risasi za vikosi hivi zilitoka ghala za serikali ya India, kwa idadi iliyokubaliwa. Baada ya 1857 ilikuwa desturi askari wa Kihindi wabaki hatua moja nyuma ya Wazungu kwa silaha, na askari wa milki walibaki nyuma zaidi. Mizinga karibu wote walinyimwa. Kashmir ilikuwa ya pekee kuwa na betri za milimani, kwa sababu mpaka wa Gilgit ulikuwa mikononi mwake na Mwingereza alitaka mtu wa kuulinda kwa gharama ya mwingine. Mipaka hiyo iliwala makamanda wake: kule Chitral, tarehe 3 Machi 1895, Jenerali Baj Singh na Meja Bhikam Singh wa Kashmir waliuawa siku moja, na askari wa Kashmir wapatao 300 wakafungiwa ngomeni pamoja na Masingasinga wasiozidi 100 hadi Aprili 20. Aliyeongoza ulinzi wa ngome, utakisia mwenyewe, alikuwa kapteni Mwingereza, Townshend.

Twende Tanga. Msafara ulitoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914 na kutia nanga nje ya Tanga Novemba 2. Siku kumi na saba za kubanana melini, watu wa milimani ambao wengi hawakuwahi kuiona bahari. Ndani yake kulikuwa na batalioni ya pili ya Kashmir Rifles, nusu ya batalioni ya tatu, na nusu batalioni kutoka Gwalior. Wa Jind walikuwa wamekuja na msafara mwingine na wengi wa msafara huo waliwekwa kulinda reli ya Uganda. Novemba 4, vikosi kadhaa vya jeshi la kawaida la India vilivunjika kwenye mashamba na vichaka kabla ya kuuona mji. Kashmir Rifles waliingia mjini pamoja na Waingereza wa Lancashire, wakapigana nyumba hadi nyumba mpaka karibu na hoteli ya Deutscher Kaiser, kabla ya kurudishwa nyuma kwa kukosa wa kuwaunga mkono.

Kwa nini askari wa raja, wenye silaha za daraja la pili, walishika pale ambapo wengine walikimbia? Maoni yangu: walikuwa na wakubwa wao wenyewe. Kikosi cha kawaida cha India kilitegemea maofisa Wazungu wachache. Hao wakianguka, na katika vichaka vya Tanga walianguka mapema, kombania inabaki haina sauti. Kashmir Rifles walikuwa na kanali, meja, makapteni na masubedari wa kabila na vilima vyao, hivyo akifa mmoja yupo wa kupokea kwa lugha ileile. Hili silioni likitajwa vya kutosha.

Jasini, miezi miwili baadaye, ndiyo inayoonyesha upande wa pili. Kijiji hicho unakijua, kaskazini kwenu karibu na mpaka, mashamba ya mkonge mpaka macho yachoke. Waingereza waliweka ngome ndogo pale na Raghbir Singh ndiye aliyekuwa mkuu wake, akiwa na watu wake wa Kashmir na kombania ya jeshi la kawaida la India. Hapo kapteni Mwingereza alikuwa chini ya kanali wa maharaja, jambo lililotokea mara chache. Kwenye kiwanda cha mkonge kilicho mbali kidogo kulikuwa na kikosi kidogo cha askari wa Kashmir chini ya Subedari Mardan Ali Shah.

Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishambulia alfajiri ya Januari 18, 1915 kwa kombania tisa. Raghbir Singh aliuawa siku hiyo. Wa kiwandani walipiga mpaka risasi zikaisha, wakatoka mbio kwa visu na singe kupenya mzingo. Kikosi cha kuwaokoa, wakiwemo watu wa Jind na askari wa KAR (King's African Rifles), kilijaribu kuvuka mto na kuzuiwa kwa bombomu. Ndani ya ngome uongozi ulipokewa na Kapteni Hanson. Asubuhi ya tarehe 19 risasi zilikuwa zimekwisha, akapandisha bendera nyeupe. Lettow-Vorbeck akawarudishia yeye na Kapteni Turner panga zao kwa heshima ya ulinzi wao. Ulinzi huo ulikuwa umeanzishwa na mtu aliyekwishauawa.

Angalia risasi zilivyokata shauri. Kamanda wa raja hangeweza kuongeza akiba kwa amri yake. Aliomba, na aliyeombwa alikuwa mwingine. Tatizo la pili, lisilo na kelele, lilikuwa watu. Kikosi cha milki ndogo hakina bohari ya makurutu. Malaria ikilaza nusu ya kombania, na bonde la Umba lililaza wengi, badala yao lazima watoke koo zilezile, wakaguliwe kwao, wafundishwe, wapande meli. Hata chakula hakikubadilika: unga wa ngano, dengu na samli kutoka India, kwa sababu askari wa tabaka fulani hangekula kilichopikwa na yeyote tu. Gunia la unga likilowa pwani, kamanda ana kesi ya nidhamu kesho yake.

Baada ya 1922 vikosi vilipangwa upya na kuitwa majeshi ya milki za India, vikigawanywa A, B na C kufuatana na ubora. Jina zuri zaidi, ghala lilelile. Oktoba 1947 tatizo la ghala lilionekana tena. Rajinder Singh, niliyemtaja juu, alikuwa amepokea ukuu wa jeshi la Kashmir mwezi mmoja tu kabla kutoka kwa Mwingereza, Jenerali Scott. Jeshi lilikuwa limetawanywa vipande vidogo vidogo mpakani, nusu ya kombania hapa, platuni pale, na mahitaji ya risasi na petroli yalikuwa yamekwama. Wavamizi wa makabila kutoka Pakistan walipoingia Muzaffarabad Oktoba 22, askari Waislamu wa batalioni iliyokuwa huko waliasi na kumuua kamanda wao. Brigedia mkuu wa jeshi zima alichoweza kukusanya Srinagar ni watu kama 150. Akaenda nao mwenyewe, akavunja daraja la Uri, akapigana akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi alipouawa usiku wa kuamkia Oktoba 27, asubuhi ambayo ndege za kwanza za jeshi la India zilitua. Tena mkuu wa jeshi na kombania.

Hyderabad ilikuwa na kamanda ambaye jina lake watu wa Lamu wangelitambua: Meja Jenerali Syed Ahmed El Edroos, wa ukoo wa masharifu wa Al-Aidarus kutoka Hadhramaut, walewale ambao tawi lao jingine lilikuja pwani yetu. Jeshi lake la askari zaidi ya 20,000 kwenye karatasi lilikuwa limezuiliwa silaha na India, na Nizam alikuwa akiingiza bunduki usiku kwa ndege za magendo. Septemba 13, 1948 India, iliyotaka milki hiyo ijiunge nayo, iliingia. Tarehe 18 El Edroos alijisalimisha kwa Jenerali Chaudhuri. Siku tano.

Vikosi vya milki vilivyobaki viliingizwa jeshi la India au kuvunjwa. Kashmir waliingia wakiwa wazima, na Jammu and Kashmir Rifles wapo hadi leo. Maofisa wa kwingine waliitwa mbele ya kamati moja mmoja: umri, elimu, ripoti. Wengine walistaafishwa. Wengine walipokewa, lakini kwa cheo cha chini ya kile maharaja alichowapa, kanali wa jana akianza upya kama meja.